Umri wa Dunia kwa Daftari la Adriano

Siku Angela alipofutwa kwenye orodha ya kipaimara, Fransiska alikuwa uani anapepeta ulezi. Alivaa sweta la marehemu mumewe, lile lililotoboka kiwiko kimoja, na kitenge juu yake, na kitambaa kichwani amekifunga mafundo mawili. Mwezi wa nane upepo wa Ufipa hauna adabu. Unapita chini ya mlango, unafunua mabati, unamvua mtu mzima kofia barabarani watoto wanaangalia. Kwa kupepeta ni mzuri, maana makapi yanaondoka yenyewe, ila ukizubaa kidogo na ulezi wenyewe unaufuata.

Angela aliingia kwa mlango wa nyuma, akasimama karibu na banda la kuku, akaanza kuchokonoa udongo kwa kidole cha mguu.

"Mama," alisema. Fransiska ni bibi yake, ila ndiye aliyemlea tangu ana miaka miwili, na mtoto humwita mama yule anayempakulia. "Babu mdogo amenifuta."

"Amekufuta nini?"

"Jina. Kwenye orodha ya Jumapili."

Ungo ukasimama hewani. Babu mdogo ni Adriano, mdogo wake marehemu Zephania aliyekuwa mume wa Fransiska, na ndiye katekista wa kigango chao, kanisa dogo la kijiji. Siku hiyo alikuwa akiwahoji vijana kwa mara ya mwisho kabla Baba Askofu hajafika. Sakramenti saba, amri kumi, vipaji saba vya Roho Mtakatifu. Fransiska alijua Angela anavijua vyote, maana wiki nzima alikuwa anavitaja huku anasonga ugali, na mwiko unampigia hesabu.

"Uliposhindwa ni wapi? Vipaji?"

"Sijashindwa. Akauliza dunia ina umri gani. Nikasema miaka bilioni nne na nusu, kama tulivyofundishwa shule."

"Mbele za watu?"

"Tulikuwa thelathini na mmoja. Valerian akacheka mpaka akaanguka kwenye benchi."

"Na yeye Adriano?"

"Akauliza tena. Nikajibu tena. Akachukua rula akapiga mstari juu ya jina langu. Hakufanya haraka, mama. Alipiga mstari mzuri kabisa, umenyooka."

Fransiska aliweka ungo chini. Kila mtu kigangoni alilijua jibu ambalo Adriano alilitaka. Liliandikwa kwa rangi nyeupe pembeni mwa ubao wa mafundisho, na hakuna aliyethubutu kulipitishia dasta: 6,031. Kila mwaka mpya, baada ya Misa, Adriano alikwangua tarakimu ya mwisho kwa wembe, akapaka nyingine, na watu wakapiga makofi, kana kwamba dunia imefikisha siku yake ya kuzaliwa na wao ndio waliopika keki.

"Si useme tu hiyo elfu sita, mwanangu, yaishe?" alisema Fransiska. "Maneno hayavunji mfupa."

Angela alimtazama. Alikuwa binti wa miaka kumi na sita, mpole, lakini ukimgusa pale asipopataka anakuwa mgumu kama kisiki cha mninga.

"Mimi siamini hivyo, mama. Nikisema, nimedanganya. Jumapili nikampokee Roho Mtakatifu na uongo bado uko mdomoni?"

Fransiska akaokota ungo wake. Upepo ulikuwa umeshachukua karibu kisahani kizima.

Kilichomfanya asibishane ni jambo ambalo Angela hakulijua, na kigangoni hakuna aliyelijua isipokuwa watu watatu. Ile 6,031 haikuwa hesabu ya Adriano. Ilikuwa ya Fransiska mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Miaka kumi na moja nyuma, kijana mmoja wa kwaya alimuuliza Adriano dunia imeanza lini. Adriano alikuwa na sauti ya kuimba Misa nzima bila kitabu, lakini hesabu za kujumlisha zilimkataa tangu darasa la tatu, na yeye akazikataa, wakaachana kwa amani. Fransiska aliishia darasa la saba, lakini darasa lake hakuna mvulana aliyewahi kumshinda hesabu. Wengine hufuga kuku, yeye alifuga namba. Alijua nguzo za umeme toka kwake mpaka zahanati ni ngapi, na pumba debe moja inamaliza siku ngapi kwa kuku kumi na wanne. Kwa hiyo Adriano alimjia shemeji yake na Biblia kwapani.

Walikaa alasiri tatu kwenye mkeka. Adriano alisoma, Fransiska akapanga. Punje ya mahindi ilikuwa mia, harage kumi, punje ya ulezi moja. Adamu miaka mia na thelathini, akamzaa Sethi: punje moja, maharage matatu. Sethi mia na tano, akamzaa Enoshi: punje moja, ulezi tano. Siku ya pili kuku alimla Yaredi, akabakiza maharage yake tu, ikabidi waanze upya toka Adamu. Mpaka Gharika wakapata elfu moja mia sita hamsini na sita. Wakateremka mpaka Abrahamu, mpaka wafalme, mpaka uhamishoni, mpaka Betlehemu, mpaka kwao. Fransiska aliandika yote kwenye daftari la kurasa themanini, majina kwa biki ya bluu na miaka kwa biki nyekundu. Alipopiga mstari wa mwisho alisikia raha ambayo hajaisikia tena mpaka leo.

Adriano aliipeleka ile namba ubaoni. Hakusema imetoka wapi, na Fransiska hakumdai aseme. Na sasa namba hiyohiyo imerudi nyumbani kumfuta mjukuu wake. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Zaidi ya hapo, Baba Askofu alifika kigangoni kwao kila baada ya miaka mitatu. Miaka mitatu ijayo Angela atakuwa wapi? Na juzi tu Silvana alikuwa amepiga simu.

Silvana ndiye mama yake Angela, na ndiye mtoto wa kwanza wa Fransiska. Alimpata Angela kabla hajaolewa, akamlea miaka miwili, ndipo akaolewa na Rahim, mtu wa Majengo, Sumbawanga mjini, ambaye kwao wana duka la vitambaa na Fuso la kubeba mahindi. Alisilimu, akaitwa Nadhira, lakini kwa mama yake akabaki Silvana, na kwa Angela akawa "dada", kama ilivyo kwa watoto wengi wanaolelewa na bibi.

"Mama, tunakuja wote Jumapili," Silvana alikuwa amesema, na nyuma yake honi zinalia. "Rahim, watoto, na mama mkwe. Hicho kitambaa cheupe cha gauni amekikata mwenyewe, anasema mjukuu hawezi kwenda mbele ya askofu na kitambaa cha sokoni. Na mchele nabeba. Msipike wali, mtauharibu."

Fransiska hakumpigia kumwambia lililotokea. Alifanya jambo analolifahamu. Kesho yake Angela alipokwenda shule, alitoa daftari chini ya godoro, akatandika mkeka upande usio na upepo, akafungia kuku, na akaanza upya. Mahindi, maharage, ulezi. Mara hii alikuwa anatafuta kosa. Aliliomba kosa kama mtu anavyoomba mvua. Akifika kwa mtu mwenye miaka mingi mingi, kama Methusela, alirudia mara mbili, huenda pale kuna punje iliyojificha.

Saa tisa alasiri alimaliza. Alitazama chini ya mstari. Ilikuwa ileile, hata mwaka mmoja haukupungua. Katika umri wake wote wa miaka sitini na sita, ilikuwa mara ya kwanza Fransiska kuhuzunika kwa kupata vema.

Basi akajifunga kitenge kizuri, akatia unga wa ulezi kwenye kikapu, maana kwa shemeji huendi mikono mitupu hata kama umekwenda kugombana, akapanda kilima kwa Adriano.

Coleta, mke wa Adriano, ndiye aliyempokea. "Karibu dada! Umekuja kwa ajili ya mtoto. Mimi nimeshasema, nimesema mpaka koo limekauka. Mtu wenyewe yule, ukimwambia ni kama unaliambia kaburi."

"Nasikia," alisema Adriano kutoka ndani.

"Ndiyo maana nasema kwa sauti."

Adriano alitoka akiwa na kofia yake ya sufu na miwani iliyofungwa mkono mmoja kwa uzi. Alikuwa mtu mwembamba, mnyoofu, mwenye heshima zake. Katika miaka ishirini na minane ya ukatekista hakuwahi kuchelewa Misa, na siku nyingine Misa ndiyo iliyomchelewa yeye.

"Shemeji, karibu kiti."

"Nimekaribia. Shemeji, ile hesabu."

Adriano alitazama nyuma haraka kama yuko mtu. "Imefanyaje?"

"Siku ile kulikuwa na upepo. Ulezi ni mwepesi. Huenda kuna miaka iliyopeperuka."

"Umeirudia?"

"Nimeirudia."

"Ikatoka ngapi?"

Ukutani, kupitia mlango uliokuwa wazi, palionekana msalaba, na chini ya msalaba picha ya Bikira Maria, na wote wawili walikuwa wanamtazama Fransiska.

"Ileile," alisema.

"Basi!" Adriano alipiga goti lake. "Mimi simwonei yule mtoto. Jana nimempa nafasi mara mbili. Aje Jumamosi kwenye mazoezi, asimame, aitaje namba, namrudisha palepale. Siwezi kumpeleka kwa Baba Askofu mtu anayembishia Musa."

"Musa alitaja namba hiyo?"

"Ameweka majina na miaka. Kujumlisha tumejumlisha sisi."

"Na ile tunayoisoma kwenye Zaburi," aliingilia Coleta akiwa na vikombe vya uji, "kwamba miaka elfu mbele za Mungu ni kama jana tu imepita? Hiyo mliiwekea punje gani?"

"Coleta, uji."

"Uji huu hapa. Nauliza tu."

Fransiska alipokea kikombe akakishika kwa mikono miwili. Alikuwa amekuja na neno moja, nalo limeshaanguka. Kwa hiyo akasema lile lililokuja, bila kujua linampeleka wapi.

"Nionyeshe basi huo mstari uliompiga. Niuone kwa macho yangu."

Adriano hakuona ubaya. Akaingia ndani akatoka na daftari kubwa la kigango, la jalada gumu, amelivika gazeti na nailoni juu yake. Daftari hilo alilipenda. La zamani liliingiwa na mchwa, ndipo akanunua hili miaka mitano iliyopita, akanakili familia zote kwa mkono wake, na orodha ya kipaimara aliitoa humohumo, kwa kutia alama kwenye majina. Na kwa kuwa aliipenda sana namna ya Mwanzo, aliandika kila nyumba kwa namna hiyohiyo, mtu fulani akaishi miaka kadhaa akamzaa fulani. Watu walicheka, lakini kila aliyejisomea pale alijisikia amekuwa mtu wa Biblia.

Alifungua. Fransiska akavaa miwani yake. Mstari wa rula aliuona, mwekundu, umepita katikati ya jina la Angela. Lakini jicho lake halikukaa hapo, lilipanda juu kidogo, likasoma taratibu kama alivyozoea kusoma kila kitu:

*Zephania akamwoa Fransiska. Fransiska akaishi miaka ishirini na mitatu, akamzaa Angela.*

Akasoma tena. Akapitisha kidole chini ya kila neno.

"Silvana yuko wapi?"

Adriano alikohoa. "Silvana si... yuko mjini. Kwa Waislamu."

"Sikuuliza yuko kwa nani. Yuko wapi humu?"

"Shemeji, daftari hili ni la waamini wa kigango. Wakati nanakili, Silvana alikuwa ameshahama. Ningemwandikaje? Na mtoto nisingeweza kumwacha anaelea hewani. Nikamleta juu, kwako. Wewe ndiye mama yake, wewe umemlea, kijiji kizima kinajua. Nilifanya kwa wema."

Coleta aliweka kikombe chini polepole. Bati moja lilikuwa linapiga kwa upepo.

Fransiska aliwaza uchungu ule wa siku mbili, mvua imefunga njia ya zahanati, yeye wa miaka ishirini na mitatu, na Zephania anazunguka nyumba kama kuku aliyepoteza mayai. Yote yale, na Silvana hayumo. Machozi yalimjia. Lakini akili yake ilikuwa na tabia mbaya: ikiona namba mbili, inazitoa. Sitini na sita toa ishirini na tatu. Na machozi yakiwa bado njiani, Fransiska akaanza kucheka. Alicheka mpaka uji ukamwagika kwenye kitenge kizuri.

"Shemeji?" Adriano aliogopa kidogo.

"Angela... Angela ana miaka arobaini na mitatu!"

"Nani kasema?"

"Wewe! Mimi nina sitini na sita. Nimemzaa nikiwa na ishirini na mitatu. Toa. Binti wa miaka arobaini na mitatu, yuko kidato cha tatu, na kipaimara hajapata! Coleta, huyu mtoto tumemchelewesha!"

Coleta alishika mdomo. "Jamani. Na yale meno aliyong'oa juzijuzi?"

"Angela ana kumi na sita," alisema Adriano kwa ukali. "Mimi mwenyewe nilishika mshumaa wake wa ubatizo."

"Kumi na sita, sawa. Basi baba yake uliyemwandika hapa juu ni Zephania, na Zephania tumemzika mwaka wa kumi na tisa huu. Amemzaa mwaka wa tatu yuko kaburini. Ndugu yako alikuwa na nguvu, sikatai, lakini siyo hizo. Chagua, shemeji. Ama mtoto ni mtu mzima, ama marehemu ametoroka."

"Hakuna cha kuchagua! Ni kwamba Silvana yuko katikati."

"Yuko katikati wapi? Mimi simwoni."

"Kila mtu anajua yupo!"

"Leo kila mtu anajua. Na atakayelikuta daftari hili miaka mia mbili ijayo, akapanga mahindi yake na maharage yake? Atapata arobaini na tatu, ataiandika ubaoni kwa rangi. Na hesabu yake itakuwa vema kabisa, kama yangu. Miaka ishirini na saba ya Silvana itakuwa imemezwa. Hapa kuna mtu mmoja tu katikati. Toka Adamu mpaka sisi, wako akina Silvana wangapi?"

Adriano alisimama. Aliposimama kwa haraka hivyo, kofia ilimdondoka. "Unataka kusema Biblia imedanganya?"

"Daftari lako limedanganya?"

"Halijadanganya hata neno! Angela ni wa nyumba yako, ni wa ukoo wetu, amebatizwa humu. Hilo ndilo nililoandika. Daftari hili ni la kujua nani ni wa nani, siyo la kuhesabia miaka ya watu!"

Alilisema kwa sauti yake ya kanisani, ile inayofika mpaka kwa wanaosimama nje. Lilipokwisha kutoka, likabaki pale uani katikati yao. Fransiska alipuliza uji wake ingawa ulikuwa umeshapoa. Coleta alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake akaufunga bila kuutumia.

Adriano aliokota kofia. Akaivaa, akaivua. Akasema anakwenda kutazama mbuzi, akaenda, na walimwona amesimama upande wa pili wa ua, hatazami mbuzi hata mmoja. Mbuzi ndio waliomtazama yeye. Alikaa huko muda wa kutosha maharage kuchemka. Aliporudi hakumtazama mtu usoni.

"Musa angeweza kuacha mtu?" aliuliza, na ilikuwa kweli anauliza.

"Mimi sijui, shemeji. Mimi ni wa darasa la saba. Najua tu kwamba wewe ni mtu mwema, na umeacha."

Adriano alikaa. Akatoa biki mfuko wa shati, akaifungua, akaifunga. "Angela nitamrudisha. Lakini Silvana... Alihama, shemeji. Watu watasema katekista anaandika Waislamu kwenye daftari la kigango."

"Alihama dini. Tumbo langu hakulihama."

"Na Baba Askofu akilipitia akauliza?"

"Mwambie mama wa binti huyo yuko nje, amekuja na mchele wa sherehe, na asipoharakisha utapoa."

Kwanza mdomo wa Adriano ulibana. Kisha pembe moja ikalegea. Aliinamia daftari, pua karibu na karatasi. Kwa kuwa hakukuwa na nafasi, ilibidi abane herufi ndogondogo juu ya mstari, kama watu wanaosogeana kwenye benchi la kanisa ili mgeni akae. Alipomaliza akamgeuzia Fransiska. *Akamzaa Silvana. Silvana akaishi miaka ishirini na saba, akamzaa* na hapo chini Angela, jina jipya, lisilo na mstari. Fransiska alisoma kila herufi. Akajumlisha pia, kwa mazoea. Ishirini na tatu, na ishirini na saba, hamsini. Sitini na sita toa hamsini, kumi na sita.

"Imekubali," alisema.

"Lakini Jumamosi nitamuuliza tena," alisema Adriano. "Mbele ya wale wale. Siwezi kuonekana nimelegea kwa sababu ya ndugu."

"Muulize. Mimi sitamfundisha jibu."

Na kweli hakumfundisha. Alipofika nyumbani alimwambia Angela mambo mawili tu, kwamba jina limerudi na kwamba swali nalo litarudi. Habari za mahindi na maharage akazisema mwisho, wakati wanaosha vyombo, na Angela akamgeukia bibi yake, sufuria mkononi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Na nilijumlisha vizuri, usije ukasema vingine."

Jumamosi kina mama walikuwa kanisani tangu asubuhi kusafisha. Wengine wanafuta mabenchi, wengine wanafunga vitambaa kwenye nguzo, na Fransiska alijipa kazi ya madirisha ya upande wa mafundisho, akifuta kioo kimoja kwa muda ambao wenzake wamefuta vinne. Vijana thelathini na mmoja walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Ile namba ya ubaoni ilikuwa imefunikwa na ratiba ya Misa ya Baba Askofu, imepigiliwa misumari minne kana kwamba ingetoroka.

"Angela, simama," alisema Adriano. Valerian alianza kukohoa kicheko. "Dunia ina umri gani?"

Angela alisimama. Mikono yake ilikuwa nyuma, na Fransiska kutoka dirishani aliona vidole vinavyofinyana.

"Biblia haikusema, babu mdogo."

Adriano alivua miwani. "Nani kakufundisha jibu hilo?"

"Nimekisoma kitabu cha Mwanzo mara mbili wiki hii. Kila mtu ameandikiwa miaka yake. Adamu anayo, Nuhu anayo, mpaka Ismaili anayo. Dunia peke yake haijaandikiwa. Imeandikwa imeumbwa na nani."

"Na nani?"

"Na Mungu."

Adriano alimtazama, kisha akatazama ile ratiba ubaoni, kisha, bila kutaka, akatazama dirishani, ambako Fransiska alikuwa amekumbuka ghafla kwamba kioo kina doa.

"Hilo siwezi kulikataa," alisema. "Kaa." Valerian akaacha kukohoa. Lakini Adriano alikuwa bado amesimama, anazungusha biki. Akainama kidogo kuelekea benchi la mbele, akashusha sauti, ila sauti yake haikuzaliwa kushushwa, na kanisa zima lilisikia.

"Hiyo bilioni yenu ya shule. Ina sifuri ngapi?"

"Tisa, babu."

"Tisa!" Akahesabu kwenye vidole, akavitazama vile tisa vilivyosimama. "Na zote hizo Mungu alikuwa anafanya nini?"

"Mwalimu alisema milima tu ya huku kwetu imechukua muda mrefu sana kunyanyuka."

"Hm," alisema Adriano. Alichungulia nje mlangoni, kule ukingo wa bonde unakoonekana siku isiyo na vumbi. Ilionekana kana kwamba ana swali lingine, na jingine nyuma ya hilo. Lakini kina mama walikuwa wanataka mabenchi yao, na padre alikuwa amepiga simu kwamba gari la Baba Askofu limeshatoka Sumbawanga, litalala parokiani.

Basi akafungua daftari kubwa, akawapanga kwa Jumapili. Aliita jina moja moja, na jina la mzazi nyuma yake, na kila aliyeitwa akaenda mbele kusimama pale atakapopakwa mafuta ya krisma. Fransiska alishikilia kitambaa chake cha dirisha. Majina yalikwenda yakija, Adolfu wa huyu, Cornelia wa yule. Kisha Adriano akafika mahali penye herufi ndogondogo, akasogeza karatasi karibu na macho.

"Angela," aliita. "Wa Silvana, wa Fransiska."

Jina la tatu halikuwa na sababu, wengine wote waliitwa kwa majina mawili. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Angela alikwenda mbele akasimama.